Dada Kalala Njiani

Saa tisa alasiri, Jumamosi ya tarehe 8 Agosti 1953, ngozi ya ngoma kubwa ya wacheza mganda wa Makambako ilikuwa imepasuliwa kwa kisu, mkato mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Filbert, aliyeachwa kuilinda, alikuwa amekaa sakafuni ameegemea gunia la mahindi, mdomo umejaa damu. Mbele ya magoti yake palikuwa na meno matatu, mawili mazima na moja nusu.

Kristofa aliyaokota akayafunga katika leso. Hakujua atayafanyia nini, lakini hakuona vizuri yakikanyagwa. Akamuuliza Filbert ni nani waliomfanyia hivyo.

Filbert aliinua vidole vitatu, maana yake watu watatu. Kisha akatema, akajaribu kusema.

"Shemeji yako," alisema. "Yoeli. Amesema ngoma hii imemtukana baba yake."

Kristofa ndiye aliyekuwa mtunzi na mwimbishaji wa kundi lile. Alikwenda kukata mkonge Korogwe mwaka 1947, na huko akajifunza mganda kwa watu wa kando ya ziwa: safu mbili za wanaume waliovaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, ngoma moja kubwa, vibuyu vya kupuliza, na hatua zilizopangwa kama za paredi. Aliporudi mwaka 1952 hakwenda kukaa kwao Njombe. Alibaki Makambako, penye njia panda, malori na watu wa kila kabila. Pamoja naye alikuwa Gideoni, aliyewahi kuwa askari katika vita vya Burma. Wachezaji walimpa Gideoni cheo cha Kingi, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kupiga amri ambazo hakuna mwingine aliyezielewa.

Katika nyimbo kumi na nne za Kristofa, mmoja ulizizidi zote. Aliutunga Korogwe, juu ya msichana muuza tembo la mnazi aliyepitiwa na usingizi katikati ya barabara ya shamba.

Dada kalewa, dada kalala njiani,
Gari lapiga honi, dada haamki.
Mwamsheni taratibu, anaota pilau.

Makambako watu walicheka hadi wakajishika mbavu. Njombe, ulipoimbwa mara ya kwanza mwishoni mwa Julai, vijana walicheka, lakini akina mama wazee waliokaa mbele hawakucheka. Waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakajifunga vizuri nguo zao, wakaondoka. Kristofa alidhani wanaogopa kanisa, kwa kuwa mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Mkristo atakayecheza mganda atafungiwa meza ya Bwana. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufungiwa.

Sababu haikuwa kanisa. Kwa Kibena, dada ni baba. Ndilo neno ambalo mtoto wa nyanda zile hulisema kabla hajajua kusimama. Kiswahili humjia baadaye, pamoja na shule, kodi na baraza la mahakama. Kristofa alikuwa Mbena, alimwita baba yake hivyo hivyo, lakini miaka mitano ya Korogwe ilikuwa imemwekea neno lile mahali pengine, na alipolitia katika wimbo hakuwaza kabisa nyumba ya wazazi wake.

Na baba aliyelewa, akalala njiani, akapigiwa honi na asiamke, Njombe alikuwapo. Aliitwa Abrahamu, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Mwezi wa Aprili, wakati ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, umekolea, alikanyagwa na lori alfajiri kwenye barabara ya Makambako. Dereva aliwaambia polisi kwamba alipiga honi mara nne. Jamaa walimwambia mchungaji kwamba mzee alikuwa na kizunguzungu, na mchungaji akamzika kwa heshima zote, kwaya ikaimba. Waliojua harufu ya nguo zake asubuhi ile walikuwa watatu: mjane wake Dorkasi, mwanawe mkubwa Yoeli, na mke wa Yoeli, aliyezifua nguo hizo. Mke huyo ni Fidelia, ndugu wa Kristofa wa tumbo moja, aliyemfuata kwa kuzaliwa.

Kwa hiyo Yoeli hakuhitaji kufikiri sana. Siri ya nyumba yake ilikuwa imetoka kinywani mwa shemeji yake, mbele ya watu, kwa ngoma. Ni nani mwingine aliyeipeleka Makambako?

Ya nguo hakuyajua, lakini mengine yote Kristofa aliyaunganisha jioni ile, akiwa amekaa karibu na Filbert. Yalimjia kwa utaratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu, na alipofika mwisho aliogopa. Hakumwogopea Filbert wala ngoma. Fidelia alikuwa katika nyumba ya Yoeli.

Gideoni hakutaka kusikia habari za lugha. Kwake mkato ule ulikuwa vita. Jumapili baada ya saa sita walimkuta binamu wa Yoeli penye kituo cha malori, akishusha magunia ya viazi. Wachezaji tisa walivua mikanda yao. Walimpiga kwa upande wa chuma, na Gideoni alihesabu mapigo kwa sauti ya paredi, moja, mbili, moja, mbili, hadi yule mtu alipoacha kujikinga uso. Ubavu wake mmoja ulivunjika, na ngozi ya mgongo ilichubuka kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Kristofa hakupiga. Wala hakuzuia. Alisimama kando ya lori na mikono mfukoni, akamwona mtu akitambaa juu ya viazi. Alipomwambia Gideoni inatosha, ilikuwa imekwisha kutosha zamani.

Jumanne alipanda lori la mbao kwenda Njombe, na daftari lake la nyimbo ndani ya koti.

Alimkuta Fidelia uani anachambua maharage kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefungwa kifuani kwa kanga. Shingoni palikuwa na alama za vidole, nne upande mmoja na moja upande wa pili, zimegeuka rangi ya manjano pembeni.

"Kamwene," alisema Kristofa.

"Kamwene, kaka. Usiniulize mkono. Umevunjika jana, binamu alipoletwa na mgongo wake. Mkanda wenu mmoja, fimbo yangu moja. Wamepiga hesabu vizuri."

Kristofa alimwambia wimbo ule ni wa zamani, ana ushahidi. Fidelia aliendelea kuchambua. Alimwambia kwamba Yoeli si mtu mbaya siku zote, na kwamba tangu Julai hajalala vizuri. Wanawake kisimani humwimbia Dorkasi wakiwa wamempa mgongo, na mama mkwe akirudi huweka ndoo chini na kukaa kimya mpaka jua linazama. Akimaliza kukaa kimya, humwangalia yeye, Fidelia.

Yoeli alitoka karakanani. Alikuwa seremala, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyeimba besi katika kwaya. Alipangusa vumbi la mbao mikononi, akamsalimu Kristofa kama anavyosalimiwa shemeji, akaagiza kiti. Kristofa alikataa kukaa. Akafungua daftari pale palipoandikwa wimbo, na juu yake tarehe: Korogwe, 3 Machi 1951. Wino ulikuwa umefifia sawasawa na wa kurasa za jirani.

Yoeli alisoma. Aligeuza ukurasa wa nyuma, akageuza wa mbele, akapima wino kwa jicho la fundi.

"Naamini," alisema. "Uliutunga baba akiwa hai. Fidelia hakusema neno."

Kristofa alianza kufunga daftari.

"Sasa nenda ukamsomee mama yangu," Yoeli aliendelea. "Ukitoka hapo, pita kisimani. Kisha nyumba kwa nyumba hadi Wanging'ombe, na daftari lako."

"Ni Kiswahili, shemeji. Umesoma. Unajua maana ya dada."

"Naijua. Wewe uliimba ukiwa umesimama wapi? Korogwe?"

Kristofa akasema kwamba mtunzi hawezi kulinda kila sikio, kwamba wimbo ukikataliwa kwa neno moja basi hakuna wimbo utakaosalia, maana kila neno lina ndugu yake katika lugha nyingine. Yoeli alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akamkumbusha kwamba Jumamosi kuna mashindano ya ngoma katika uwanja wa chini ya boma, zawadi ni dume la ng'ombe, na Makambako wameandikishwa.

"Usiuimbe," alisema. "Ukiuimba, sitakufuata Makambako. Ni mbali."

Hakupandisha sauti. Akarudi karakanani, na randa ikaanza tena kusikika.

Fidelia alimsindikiza kaka yake mpaka kwenye njia ya mto Ruhuji. Kristofa alitaka aondoke naye siku ileile. Alikataa: mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa amelala chumbani kwa Dorkasi, na Dorkasi hakuwa akimtoa machoni tangu jana. Akisema anaondoka, ataondoka peke yake.

"Nitabadilisha neno," Kristofa alisema. "Nitaweka binti. Binti kalewa, binti kalala njiani. Idadi ya silabi ni ileile. Hakuna atakayesikia baba humo."

"Uache wote, kaka."

"Neno ndilo lenye kosa."

"Watu hawakujifunza kwenye daftari lako," alisema Fidelia. "Uache wote. Una nyimbo kumi na tatu nyingine."

Alimwahidi. Fidelia hakuwa na kawaida ya kumwomba kitu mara mbili, na ahadi ile Kristofa aliitoa kwa moyo mweupe.

Ijumaa ngoma ilivishwa ngozi mpya. Gideoni aliposikia wimbo umeondolewa, alimwita Kristofa pembeni. Hakumtukana. Alimweleza tu kwamba kundi la Njombe lina wachezaji arobaini, wao wana ishirini na wawili, mmoja hana meno ya mbele. Kwamba watu watakuja kwa ajili ya wimbo ule. Na kwamba ukiondolewa, Njombe nzima itasema kumbe kweli walimwimba mzee Abrahamu, ndiyo maana wameingiwa na hofu. Ukibadilishwa neno, itaonekana wazi kwamba habari ni ya msichana, na mjane mwenyewe atapona aibu.

Hoja ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndiyo hoja ya Kristofa mwenyewe, ila imesemwa na mtu mwingine, na kwa hiyo ilimvutia zaidi. Alikubali wauimbe ikiwa tu mambo yatakuwa mabaya.

Jumamosi tarehe 15, saa nane mchana, uwanja ulikuwa umejaa. Upepo wa Agosti ulikuwa unakata, watu wamejifunika mablanketi, lakini hakuna aliyetaka kuondoka. Njombe walicheza kwanza. Walicheza vizuri hata Filbert, mwenye mdomo uliovimba, akaitikia kwa kichwa. Makambako walifuata. Wimbo wa kwanza ulipokewa kwa makofi ya adabu. Wa pili, wachache. Wa tatu, mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama wamekuja kucheza au kuota moto, na uwanja mzima ukacheka.

Yoeli alikuwa amesimama penye ua wa miti, ameshika baiskeli yake. Kristofa alimwona. Aliona pia dume la ng'ombe, limefungwa kwenye mkaratusi, na waamuzi watatu wakinong'ona. Alibakiwa na nafasi ya wimbo mmoja. Gideoni alimtazama.

Kristofa alipuliza filimbi, akasonga mbele ya safu, akaimba taratibu, akitamka kila silabi kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Binti kalewa, binti kalala njiani."

Kwa pigo moja la ngoma palikuwa kimya. Kisha uwanja ukamjibu, mamia ya watu kwa pamoja, na walijibu kwa neno walilolijua.

Dada kalewa, dada kalala njiani.

Alirudia neno lake. Walimrudishia lao, kwa nguvu zaidi, wengine wakiwa wameelewa mabadiliko na kuyafanya mchezo: yeye anasema binti, wao wanasema dada, wanaelekeza vidole juu ya ua, upande ilipokuwa nyumba ya Abrahamu. Vijana wakaanza kuliza honi kwa midomo. Kristofa alipuliza filimbi ya kusimamisha. Mpiga ngoma hakusikia. Akapuliza tena, na wachezaji wakadhani ni amri ya kugeuka, wakageuka, soksi nyeupe ishirini na mbili kushoto na ishirini na mbili kulia, na watu wakapiga vigelegele. Gideoni alisimama mkakamavu, mkono ukingoni mwa kofia, anapiga saluti.

Kristofa alipotazama penye ua, baiskeli haikuwapo.

Alikimbia. Alipita kati ya watu, na watu walimpigapiga mgongoni kwa furaha. Mtu mmoja alimzuia amshike mkono. Kristofa alimpiga ngumi ya koo akapita. Kutoka uwanjani hadi nyumbani kwa Yoeli, ng'ambo ya Ruhuji, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikimbia kwa robo saa, akianguka mara mbili kwenye mteremko, na njia nzima nyuma yake wimbo ulikuwa unaendelea.

Yoeli alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana. Baiskeli ilikuwa imelala uani. Mkononi alikuwa na mwanzi, urefu wa mkono na nusu. Ncha yake ilikuwa imepasuka vipande vinne vyenye makali, na vipande hivyo vilikuwa na damu. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje.

"Nilikwambia ni mbali," alisema Yoeli.

Kristofa alimwendea moja kwa moja. Mwanzi ulimpata usoni, ukamchana shavu hadi sikioni. Pigo la pili lilimpata bega. La tatu aliushika, vipande vikaingia kiganjani, hakuachia. Walianguka pamoja juu ya benchi. Yoeli alikuwa na nguvu zaidi, akampanda kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili. Kristofa alipapasa juu ya mbao, akashika nyundo ya mti, ile ya kugongea patasi. Alipiga kifundo cha mkono wa kulia cha Yoeli. Mfupa ulitoa sauti kavu. Akapiga tena palepale, na mara ya tatu, ambapo hapakuwa na haja tena, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha kulegea na Yoeli alikuwa amejikunja kando akitapika.

Akainuka na nyundo. Akasimama kando ya kichwa cha Yoeli. Ndani ya nyumba mtu aligonga mlango, mara mbili, kwa chini, kama kwa mguu.

Kristofa aliitupa nyundo, akavuta komeo.

Dorkasi alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mgongoni. Kichwa cha Fidelia kilikuwa mapajani mwake. Bibi huyo alikuwa ameshika kitambaa juu ya jicho la kushoto la mkwewe kwa mikono miwili, na kitambaa kilikuwa kimelowa hadi vifundoni mwake.

"Mwanangu aliniomba nisimtazame," alisema Dorkasi kwa Kibena. "Nikatoka. Nilisikia sauti, nikarudi ndani kumzuia, naye akatufungia wote." Kisha akasema, bila kumwangalia Kristofa, "Nimeusikia mpaka hapa."

Kristofa aling'oa ubao wa kitanda, akamlaza Fidelia juu yake, akamfunga kwa kanga mbili. Majirani wawili waliokuwa wanarudi kutoka uwanjani walishika mbele. Dorkasi alifuata na mtoto, akishikilia kitambaa kila walipopanda. Kristofa alishika nyuma kwa mikono iliyojaa vipande vya mwanzi, na damu ya kiganja chake ilichirizika ubaoni ikachanganyika na ya Fidelia.

Walifika hospitali saa kumi na moja kasorobo. Mganga alimchunguza kwa dakika ishirini. Alitoka, akanawa mikono, akasema kwamba jicho la kushoto limepasuka na lazima litolewe leo, mkono uliovunjika Jumatatu umevunjika tena, taya limeteguka, kichwa hakina ufa. Akauliza jina la mgonjwa, na ni nani wa kutia sahihi.

Kristofa alitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Saa kumi na moja na dakika arobaini askari wa boma alifika na Yoeli, mkono wake umefungwa kwenye kibao kilichopigwa randa. Alikuwa amejipeleka mwenyewe kituoni, na alikuwa amesema kila kitu kwa mpangilio. Askari akamwambia Kristofa kwamba yeye naye anatakiwa, kwa habari ya mkono ule na ya yule mtu wa viazi. Kristofa aliomba angoje jicho litolewe kwanza. Askari alikubali, akakaa kwenye benchi kati yao wawili.

Saa kumi na mbili na robo jicho lilikuwa limetolewa. Saa moja kasoro dakika kumi Fidelia alizinduka, akamwomba muuguzi maji kwa ishara ya mkono, akapewa kwa kijiko, akameza.